Kwa Afande Hapakuwa na Hodi

Kwa Afande hapakuwa na hodi. Nyumba nyingine zote za mtaa wetu wa Manzese ulisimama mlangoni, ukapiga hodi, ukaambiwa karibu, ukaingia. Kwake ulisimama nje ya geti la bati, na kutoka ndani ikaja sauti nzito: "¿Quién vive?" Hicho ni Kihispania, ndivyo askari wa lindo anavyomuuliza anayekuja kwamba ni nani. Ulitaja jina lako, halafu ukadaiwa neno la siri la siku hiyo, nalo pia la Kihispania, nalo pia la kijeshi. Ukilijua, komeo linafunguliwa. Usipolijua unarudi kwenu, hata kama umebeba sahani ya pilau ya Idi. Mimi mwenyewe nimewahi kurudi na pilau yangu.

Mtaa mzima tulimwita Afande, na wengi wetu hatukuwahi kusikia jina lake jingine. Alikuwa mwanajeshi mstaafu, mrefu, mkavu, shati la mikono mifupi limepigwa pasi mpaka mikunjo imesimama, na chini ndala. Ujanani jeshi lilimpeleka Kuba kusomea mitambo ya redio, akarudi na Kihispania cha kambini. Ya kabla ya hapo siyajui na sikuyauliza. Nilimfahamu miaka mingi kama mwalimu wangu wa lugha. Sasa hayupo, na juzi nimepita pale getini nikajikuta nimesimama nasubiri kuulizwa.

Alikuwa na mke, Mama Afande, mtu wa Pwani, mfupi, mnene, mwenye mdomo ambao ungeweza kukumenya ukabaki unacheka. Miaka ya mwisho, Afande alipoanza kusahau, mama huyu alikuwa na hofu moja, akaniambia waziwazi siku moja tukichambua mchele.

"Mwanangu, asahau dawa, nitamkumbusha. Asahau choo kiko wapi, nitamshika mkono. Mie naogopa siku moja tu, siku atakayoniuliza mie ni nani."

Nikamwambia haiwezi kufika huko.

Nilianza kwenda kwa Afande kwa ajili ya biashara. Nina kibanda cha vinyago pale Mwenge, nilichoachiwa na baba, na wakati ule walianza kuja watalii wa Kihispania. Wenzangu walikuwa na Kiingereza, wengine na Kiitaliano cha kuokoteza Zanzibar, lakini mbele ya wageni hawa wapya wote tulikuwa mabubu. Nikajisemea, nikikipata Kihispania peke yangu, nimeukata. Nyuma ya kibanda changu alikuwa anachonga Chitanda, mtu wa Kusini, fundi hodari wa mpingo na hodari zaidi wa maneno. Yeye ndiye aliyenishtua.

"Sista, huko kwenu Manzese si kuna mzee anaongeaga na kuku wake Kihispania? Twende wote bwana, tukajisevie."

Tukaenda. Tulichokitaka ni "karibu", "bei gani" na "hiki kimechongwa kwa mpingo halisi". Afande akatusimamisha uani, mikono ubavuni, akatutazama kuanzia juu hadi kwenye vidole vya miguu.

"Neno la kwanza," akasema. "Soldado. Askari. Rudia."

Tukarudia.

"La pili. Recluta. Kuruta. Ndio nyinyi."

Chitanda akanyoosha mkono. "Afande, samahani. Sie tunauza vinyago."

"Najua."

"Sasa bei tunaisemaje?"

"Hilo sikupewa," akajibu Afande, na akaendelea na neno la tatu.

Ilikuwa hivyo siku zote. Maneno kwake yalikuwa vitu vya kutolewa stoo ya kambi: buti umepewa, blanketi umepewa, neno umepewa. Ambalo hakupewa hakulitafuta, na hakuona aibu kutokuwa nalo. Tulimuuliza nanasi, hakupewa. Tulimuuliza shemeji, hakupewa. Lakini handaki alikuwa nalo, trinchera. Kofia ya chuma, casco. Chupa ya maji ya askari, cantimplora, neno ambalo Chitanda alilipenda mpaka akatishia kumpa binti yake. Shambulio la kuvizia, emboscada. Nilikuwa narudi nyumbani kichwa kimejaa silaha na sijui kumwambia mtu asante.

Alifundisha kwa kufuata siku ya askari. Tulianza na diana, tarumbeta ya kuwaamsha watu, tukaja kwenye gwaride, tukaja kwenye rancho, chakula cha kambini, na tukifika hapo Mama Afande alitoa chai na vitumbua kwa sababu harufu ya kikaango chake ilishatuharibia darasa. Vifaa vya kufundishia vilitoka jikoni kwake. Mwiko ulikuwa bunduki, kikapu kilikuwa mochila, shanta, sufuria ikavaliwa kichwani.

"Afande," mama akaita siku moja kutoka jikoni, "hiyo kofia yako ya vita naiomba, nataka kubandika maharage."

Afande akaivua sufuria kwenye kichwa cha Chitanda, akaikagua ndani na nje, akaipeleka mwenyewe. Alikuwa mkali kwa kila mtu aliyepita kwenye lile geti isipokuwa huyo mmoja. Sisi wote tulidaiwa neno la siri, lakini Mama Afande akitoka sokoni na kapu lake hakusema neno lolote. Alipiga bati kwa kisigino cha kiatu, akasema, "Fungua, mie mikono imejaa." Na Afande akasema kwa heshima kubwa, "Intendencia, pase," yaani kitengo cha chakula na vifaa kipite, akafungua.

"Hicho kilugha chenu," alikuwa akituambia, "kinanipitaga sikio hili kinatokea hili."

Tuliamini. Alikuwa anakaa upande wa pili wa ukuta mfupi, kwenye kigoda chake, akipepea mkaa. Kitu kimoja nilikiona na sikukitilia maanani. Tukianza somo alikuwa anapunguza sauti ya redio. Nilidhani ni adabu tu.

Tulipanda vyeo. Afande alikusanya vizibo vya soda, akavitoboa kwa msumari na kuvishona kwenye kipande cha kitambaa. Kizibo kimoja ulikuwa cabo, koplo. Viwili, sargento. Hakuna aliyewahi kufika juu ya hapo, na wengi tuliteremshwa. Alikuwa na wanafunzi wengine wa kuja na kuondoka, wa chuo, wa bodaboda, hata dada mmoja aliyefuata Kihispania kwa ajili ya mchumba wa kwenye simu. Huyo dada alikaa siku chache tu. Alimuuliza Afande, "nakupenda" inasemwaje. Afande akakohoa, akatazama kuku.

"Hilo sikupewa."

Upande wa pili wa ukuta tukasikia kicheko cha Mama Afande, kile cha kupiga paja. "Ndiyo maana! Loo, miaka yote hii nilikuwa najiuliza! Kumbe hawakumpa!"

Tulicheka mpaka somo likaisha. Afande peke yake hakucheka, ila masikio yalimwinuka kidogo, jambo ambalo kwake lilikuwa ni kucheka.

Msidhani maneno yale hayakunifaa. Siku moja waliingia kibandani kwangu wageni wa Kihispania, kundi zima, watu wazima wenye kofia pana. Wakapita haraka kama wanavyopita siku zote, wakielekea kwa jirani. Nilihisi wananiponyoka. Kichwani nikatafuta neno lolote la kuwazuia, na la kwanza kuja likawa lile lile la getini.

"¡Alto!" nikafoka. Simama! "¿Quién vive?"

Wakasimama wote. Mama mmoja alinyanyua mikono juu. Halafu mzee mwenye kipara akapasuka kicheko, akagonga visigino, akatoa kifua mbele na kujibu kwa sauti ya paredi, "¡España!" Kwa kuwa nilishaanza, nikaendelea. Nikawaamrisha waingie kwenye mstari, na wallahi waliingia, wanachekana, wanasukumana, yule mzee anawanyoosha wenzake mabega. Nikawatembeza mbele ya rafu. Hiki, soldado. Hiki kikubwa kidogo, sargento. Hiki chenye tumbo, general. Chitanda naye, kusikia hivyo, akatoka mbio nyuma ya kibanda na kile kinyago chake kirefu cha ujamaa, cha watu waliopandana mabegani, akakiweka chini: "¡Batallón!" Batalioni nzima. Waliondoka wamewakumbatia majenerali wa mpingo, na kile kirefu wamekishika watu wawili.

Jioni tulikwenda kutoa taarifa. Afande alisikiliza mpaka mwisho, uso mkavu.

"Mstari ulinyooka?" akauliza.

"Ulinyooka, Afande."

"Basi." Akaenda ndani, akarudi na kizibo changu cha kwanza.

Kuna watu wakisikia mwanajeshi wanafikiri damu. Afande alijua jina la kila silaha kwa lugha mbili, lakini kuku hakuweza kumchinja. Kuku wake aliwaita la tropa, kikosi, aliwapigia diana asubuhi na kuwagawia rancho ya pumba, na ikifika sikukuu alitoka nyumbani kimya akaenda kukaa kwa mafundi wa kuchomelea mageti, mpaka mama amwite jirani, kazi ifanyike na manyoya yafagiliwe. Akirudi alikula mchuzi. Paja hakuligusa.

Vita hakutusimulia kamwe. Vijana wa pale kwenye kuchomelea walikuwa wakibishana nchi gani inaweza kuipiga ipi, na yeye akisikia anasimama, anakunja kiti chake, anaondoka. Chitanda, ambaye mdomo wake haukuwahi kupanda cheo, alimuuliza, "Afande, ulishawahi kuua mtu?" Mama Afande aliacha kupepea.

"Neno la leo," Afande akasema polepole, "ni cantimplora."

"Hilo tulishajifunza, Afande."

"Tutalirudia."

Tukalirudia siku nzima. Baadaye Chitanda, kwa kujisikia vibaya, akataka kumchongea bunduki ya mpingo ya kufundishia, kazi safi, yenye kila kitu. Afande akamshukuru, akasema bunduki hataki kuiona nyumbani kwake hata ya mti. Akaomba fimbo. Chitanda akamchongea fimbo nyeusi iliyonyooka, haina pambo, na kuanzia siku hiyo ndiyo ikawa silaha ya lindo. Neno alilolipenda kuliko yote halikuwa la kushambulia. Lilikuwa retirada, kurudi nyuma. Alisema kamanda anayejua kurudi nyuma kwa utaratibu huwarudisha watu kwa mama zao. Alipolisema hilo, sauti ilibadilika na akageukia ukutani kuweka sawa shati ambalo lilikuwa sawa.

Na mtu huyu huyu alikuwa mgonjwa wa tamthilia. Zile za Meksiko, zenye matajiri wanaolia kwenye ngazi, ambazo sauti ya Kihispania inasikika kwa mbali chini ya tafsiri. Alikaa mbele ya runinga na Mama Afande, mgongo umenyooka, akasikiliza kwa uchungu.

"Wanasemaje?" mama anamuuliza.

"Wanaongea cha raia," anajibu. "Hakuna neno langu hata moja."

Lakini ungemgusia habari ya kuzima runinga, ungekiona.

Somo kubwa kuliko yote lilikuwa la lindo. Hilo alilifundisha mara nyingi, na hapo hakuwa na mchezo. Centinela, askari wa zamu, anasimama mahali pake. Haketi, hali, hasogei. Hata mvua inyeshe. Hata amiri jeshi apite na kumwambia nenda kalale, haendi, kwa sababu hakuwekwa pale na maneno ya mpita njia. Anaondolewa na mtu mmoja tu, relevo, yule anayekuja kupokea zamu yake. Relevo akifika anajitaja. Wa zamu anatoa ripoti, na kama hakuna baya, ripoti ni maneno mawili: sin novedad, hakuna jipya. Anakabidhi silaha. Ndipo anapokuwa huru kulala.

Alituweka getini kwa zamu, na fimbo. Zamu ya Chitanda ilichelewa kupokewa, njaa ikamuuma, akaiegemeza fimbo ukutani na kukimbilia chipsi mayai hapo ng'ambo. Aliporudi alimkuta Afande amesimama mahali pake, fimbo begani.

"Nani alikupokea?"

"Afande, nilikuwa na njaa ya kufa mtu."

"Tumbo si relevo," akasema Afande, na akamng'oa kizibo pale pale. Chitanda alinuna siku kadhaa. Mama Afande akampooza na kitumbua, akamwambia, "Usimuone hivyo, huyu hata usingizini hulinda. Mie nikiamka kwenda msalani ananiuliza nimepokewa na nani." Sote tuliona ni utani.

Miaka ilikwenda. Maneno ya raia nilikuja kuyapata kwingine, kwenye simu, kwenye kozi ya jioni, na kwa wageni wenyewe. Leo natembeza watalii wa Kihispania mji mzima, na bei naitaja bila kigugumizi. Wananiambia naongea vizuri ila nikiwaita watu garini nawatisha kidogo. Kwa Afande niliendelea kwenda, sasa kama mtoto wa nyumba, na bado nilidaiwa neno.

Kwamba anasahau, tulijua kwa mara ya kwanza kwa sababu ya Chitanda. Alifika getini hajui neno la siku, akabahatisha, akasema cantimplora tu kwa mapenzi yake. Komeo likafunguka. Siku ya pili akasema vile vile, likafunguka. Siku ya tatu hakufurahi tena. Alinipigia simu.

"Sista, kuna ishu. Mzee anatufungulia tu. Hajui neno la leo ni lipi."

Tulilichukua kama tulivyoweza. Tukakubaliana kwamba neno la siri litakuwa cantimplora kila siku, ili asijione amekosea. Akaanza kusahau chai imenywewa. Akaanza kuwapigia kuku diana mchana. Jina langu likaondoka, nikabaki cabo, na nikashukuru kwamba kizibo kimedumu kuliko jina. Mama Afande alikuwa anahesabu kimya kimya vinavyoondoka, na kila nilipokuja alinivuta jikoni.

"Mie bado ananijua," ananiambia. "Asubuhi kaniita Intendencia."

Kabla ya masika alilazwa kwa homa ya mapafu. Akatoka amekonda, na daktari akasema neno moja kwa msisitizo: baridi isimpate tena kifuani, safari ya pili huenda asirudi.

Siku yenyewe nilikuwa kibandani Mwenge, alasiri, mvua imeshuka ile ya kufunga barabara. Simu ikaita.

"Mwanangu," akasema Mama Afande. Nikasikia mvua nyuma yake, yuko nje. "Ameniuliza."

Nilimwachia Chitanda kibanda, nikachukua bodaboda, nikalowa mpaka mifupani.

Nilimkuta nje ya geti lake mwenyewe, chini ya mwavuli wa muuza genge, kapu la nyanya miguuni. Alikuwa ametoka mara moja tu kununua kiungo cha mchuzi. Kurudi, geti limefungwa. Akapiga kisigino kama kawaida yake, akasema fungua, mikono imejaa. Ndani akaulizwa: ¿Quién vive? Akacheka, akasema, Afande, ni mie. Akaulizwa tena. Akasema jina lake la kuzaliwa, ambalo mimi sikuwa nimewahi kulisikia. Akaulizwa tena.

Nilichungulia kwenye upenyo wa bati. Afande alikuwa amesimama katikati ya uwanja kwenye mvua, fimbo begani, shati limemganda kwenye mbavu. Maji yalikuwa yanamtiririka kwenye kidevu na hayapangusi. Akakohoa, kile kikohozi cha hospitalini, mwili wote ukatikisika, fimbo haikutikisika.

Kijana mmoja wa kuchomelea akaja na msumeno wa kukatia chuma. "Mama, tukate bawaba? Sasa hivi tu tunaingia."

"Mkamvunjie geti mtu aliye kazini?" mama akamjibu. "Mkimwingilia kwa nguvu atajua ni adui. Atapambana, na kile kifua kitamuua mikononi mwenu."

Nikajaribu mimi. "Afande, ni mimi, cabo wako."

"Santo y seña." Neno la siri.

"Cantimplora."

Akatikisa kichwa. Nikatoa trinchera, nikatoa mochila, casco, diana, nikatoa hata retirada. Kichwa kilitikisika kwa kila moja. Nikaona nitumie Kihispania changu kizuri, cha kozi na cha wageni, nikamsihi kwa upole, kwa maneno yote ya heshima, kwamba anaumwa, kwamba aingie ndani, kwamba tunampenda. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Raia," akasema kwa Kiswahili, bila ukali, "rudi nyuma."

Nilirudi nyuma. Nilikuwa nalia na sikujali nani ananiona. Kikohozi kikaja tena, kirefu, na nikafikiri, anakufa pale amesimama na sisi tunamtazama kwenye tundu.

Mama Afande akanipa mkoba wake. Akatoka chini ya mwavuli, akakaza kanga kiunoni, akajipangusa uso kwa kiganja. Akaenda getini, akasimama hatua chache kabla ya kufika, miguu pamoja, mgongo umenyooka kadiri ule mgongo ulivyoweza.

"¿Quién vive?" Afande akauliza.

"Relevo," akasema Mama Afande.

Alilitamka sawasawa, na ile r ya mwanzo akaitetemesha kama alivyokuwa anatutesa nayo Afande. Tukasikia ndala zikikanyaga maji. Komeo likafunguka.

Walitazamana. Sikuona usoni mwa Afande dalili yoyote kwamba anamjua. Alimtazama kama askari anavyomtazama askari mwenzake aliyechelewa kidogo, aliyesubiriwa sana.

"Sin novedad, mi sargento," akasema. Hakuna jipya, sajini wangu.

Akamkabidhi fimbo kwa mikono miwili. Akapiga saluti. Mama Afande akairudisha, kwa mkono wenye alama ya moto wa kikaango, kisha akamwambia neno la ruhusa, lile lile tulilokuwa tunaambiwa sisi mwisho wa somo: "Descanse." Pumzika. Afande akageuka, akapita kuku waliojibanza chini ya ngazi, akaingia ndani. Kijana wa kuchomelea alimkimbilia na taulo, na safari hii hakuulizwa neno.

Nikamgeukia mama. "Mama, Kihispania umekijua lini?"

"Mwanangu, miaka yote ile mlidhani nakaanga tu?"

"Haya, twende ndani basi. Umelowa."

Hakusogea. Alikuwa amesimama palepale getini alipokuwa amesimama mumewe, fimbo ameishika vizuri, uso umeelekea barabarani.

"Hajanijua," akasema. "Ila kaniachia lindo lake. Mtu usiyemwamini humwachii lindo." Akaikaza fimbo begani. "Sasa naingiaje, mwanangu, nami sijapokewa?"

Nikaweka mkoba wake chini kwenye matope. Nikajipangusa, nikasimama mbele yake, miguu pamoja.

"Relevo," nikamwambia.

"Sin novedad," akasema Mama Afande. Akanipa fimbo, akaokota kapu lake la nyanya, akaingia ndani kwa mumewe. Mimi nikarudisha geti, nikasimama.